Udongo Wenye Njaa Haulishi Mtu

Mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa Novemba, kila nyumba katika nchi ya Tabora hupanda mboga karibu na jiko: mchicha, maboga, kunde, mgagani, matembele. Mwezi mmoja baadaye ukipita kijijini waona mambo mawili. Hapa mchicha umesimama, majani yake mapana na ya kijani. Pale nyumba ya pili, mbegu ni ile ile na mvua ni ile ile, lakini mchicha una urefu wa kidole, umegeuka manjano, nao umekwisha kutoa maua kabla mwenyewe hajachuma hata mara moja. Watu husema, "Mkono wa mama yule una baraka." Lakini ukiuliza vizuri, utaambiwa kwamba bustani ile ya kwanza imelimwa mahali palipokuwa zizi la mbuzi, au jalala la zamani. Mikono ya mama hawa wawili ni sawa. Kinachowatofautisha ni chakula kilichomo ndani ya udongo.

Jambo hili si dogo. Mboga za majani ndizo zinazowapa watoto wetu nguvu ya macho na damu, na sahani ya ugali bila mboga hujaza tumbo tu. Kwa hiyo yafaa tuuangalie udongo wetu, jinsi wazee walivyoutunza, na jinsi tunavyoweza kuulisha sisi wenyewe kwa vitu vilivyomo nyumbani.

UDONGO WETU

Sehemu kubwa ya Unyamwezi imelala juu ya mawe magumu ya kale yaitwayo itale. Mawe haya yakisagika kwa muda mrefu huwa mchanga. Wasukuma jirani zetu huuita udongo huu wa mchanga luseni. Ni mwepesi kulima, hauumizi mkono, na maji huingia upesi. Lakini kama yanavyoingia upesi, ndivyo yanavyotoka upesi, nayo hushuka chini pamoja na chakula cha mimea, mahali ambapo mizizi mifupi ya mchicha haifiki. Mvua yetu ya mwaka, kama milimita 950, hunyesha karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Yaani udongo huoshwa miezi sita, kisha hukaangwa na jua miezi sita.

Jaribu mwenyewe. Chukua udongo wenye unyevu, uufumbate mkononi, kisha fumbua. Kama unaanguka wote kama sukari, una mchanga mtupu. Kama unashikamana kidogo, na rangi yake ni nyeusi nyeusi, humo mna mboji. Mboji ni mabaki ya majani, nyasi na samadi yaliyokwisha oza kabisa. Kazi yake katika mchanga ni kama ya sifongo: hushika maji, hushika chakula, na huvipa mizizi polepole.

WAZEE WALIFANYAJE?

Mtu aweza kuuliza: Ikiwa udongo wetu ni dhaifu hivyo, Tabora iliwezaje kulisha misafara? Maana karne ya kumi na tisa njia kuu ya toka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya siku zile, mwezi wa Novemba 1857. Wapagazi kwa maelfu walipumzika hapa, wakala hapa, wakanunua chakula cha njiani. Hata jina la Tabora, wengi husema, limetokana na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyopikwa na kukaushwa ambavyo msafiri aliweza kuvibeba siku nyingi bila kuharibika.

Stanley alipofika mwaka 1871 aliandika katika kitabu chake habari za mashamba ya hapa. Alitaja mtama, mahindi, viazi vitamu, mihogo na ufuta. Tena alisema kwamba Waarabu walilima karibu na matembe yao ngano kidogo, vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, matango, nyanya na bilinganya. Tazameni neno hili: karibu na matembe. Tembe lilikuwa nyumba kubwa ya udongo yenye ua katikati, na katika tembe nyingi mifugo ililala ndani ya ua ule. Majivu ya jikoni, samadi, maganda na takataka zote zilitupwa karibu. Ndipo mboga zilipostawi.

Wanyamwezi walijua siri hiyo. Watu walipohama, mahali pa nyumba zao za zamani paliitwa matongo, na kila mtu alijua kwamba tumbaku, mahindi na mboga za matongo hazina mfano. Tena walikuwa na desturi ya kulima matuta. Magugu na mabaki ya mavuno yalifukiwa ndani ya tuta, yakaoza humo, na mbegu ikapandwa juu yake. Kazi hiyo, ingawa hakuna aliyeiita hivyo, ilikuwa kazi ya kutia mbolea.

Lakini mlinzi mkubwa wa udongo ulikuwa wingi wa nchi. Shamba lilipochoka, watu walifyeka msitu mpya, na la zamani likapumzika miaka mingi mpaka miti ikarudi.

NAFASI IMEKWISHA

Siku hizi hatuwezi kuhama namna ile. Katika Operesheni Vijiji, miaka ya 1973 hadi 1976, watu walikusanywa mahali pamoja, na mashamba ya karibu na vijiji yakalimwa kila mwaka bila kupumzika. Watu wameongezeka, mifugo imeongezeka, na miti mingi ya miombo imekatwa kwa ajili ya mashamba na kwa kukaushia tumbaku. Mtu akitafuta msitu mpya wa kufyeka, atakuta shamba la mwenzake au mpaka wa hifadhi.

Tena tusidhani kwamba nguvu za mashine zitatuokoa. Watu wa Urambo wanajua habari za mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matingatinga yaliletwa, misitu ikang'olewa, na fedha nyingi sana zikatumika, kiasi cha pauni milioni 36. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, maana karanga hazikupatikana kama walivyotazamia. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni hii: walianza kulima kabla ya kuujua vema udongo na mvua ya nchi.

WAKARA WATUFUNDISHE

Kuna watu wa nchi hii hii waliokosa nafasi zamani kabla yetu, na yafaa tuone walivyofanya. Katika Ziwa Victoria, kaskazini ya Ukerewe, kuna kisiwa kidogo cha Ukara. Udongo wake ni mchanga wa itale kama wetu. Miaka ya 1960 watu zaidi ya 200 waliishi katika kila kilometa moja ya mraba, wala hapakuwa na msitu wa kuhamia. Hata hivyo walilima mashamba yale yale mwaka hata mwaka, wakapata chakula.

Mtaalamu Mjerumani, Heinz-Dieter Ludwig, aliichunguza kazi yao miaka ile. Wakara waliwaweka ng'ombe ndani ya nyumba, mahali palipochimbwa kama shimo. Waliwakatia nyasi na majani, wakawaletea humo. Nyasi zilizobaki, samadi na mkojo vilichanganyika shimoni mpaka shimo likajaa, kisha vikabebwa kupelekwa shambani. Tena katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya kunde, ndugu wa marejea, wakaufukia udongoni uwe mbolea.

Lakini kuna neno moja katika habari zao la kutufikirisha. Wakara waliohamia bara, mahali penye nafasi, waliiacha kazi hii, kwa kuwa ni kazi nzito. Kwa hiyo tusiseme kwamba wazee wetu wa Unyamwezi walikuwa wavivu. Walikuwa na nchi kubwa, nao waliitumia. Sisi nafasi hiyo hatuna, na sasa ni zamu yetu kufanya kama Wakara wa kisiwani.

SAMADI HUPOTEA MACHONI PETU

Tufanye hesabu kidogo. Ng'ombe mmoja wa kienyeji aliyekomaa hutoa mavi mabichi kama kilo 10 kwa siku. Nusu huanguka malishoni, basi zizini hubaki kilo 5. Mwenye ng'ombe watatu hupata kilo 15 kila siku, na kwa mwaka zaidi ya kilo 5,000. Hata ikikauka na kuoza ikabaki theluthi moja, ni zaidi ya kilo 1,700. Tuta la mboga lenye upana wa meta 1 na urefu wa meta 10 hutaka kama kilo 30, yaani madebe matatu. Basi ng'ombe watatu waweza kulisha matuta zaidi ya hamsini!

Mbona basi bustani zina njaa? Kwa sababu samadi huachwa wazi. Jua huichoma, na ile harufu kali inayopanda puani ni chakula cha mimea kinachokimbilia hewani. Mvua nayo huiosha. Mkojo, wenye sehemu kubwa ya nguvu ya mbolea, hunywewa na ardhi ya zizi. Dawa yake ni rahisi:

1. Tandika zizini nyasi kavu, mabua au maganda ya karanga, ili yanywe mkojo.

2. Kila baada ya wiki chache kusanya yote, uyalundike mahali penye kivuli.

3. Funika lundo kwa nyasi nene, au jenga kibanda kidogo juu yake.

4. Iache ioze miezi mitatu au zaidi. Samadi iliyoiva haina harufu kali, ni nyeusi, na humeng'enyeka mkononi.

Asiye na ng'ombe asikate tamaa. Mbuzi, kondoo na kuku wote hutoa mbolea nzuri, na ya kuku ni kali kuliko zote, hivyo itumike kidogo. Aidha, aweza kupatana na jirani mfugaji ili ng'ombe walale katika shamba lake usiku kadhaa baada ya mavuno, kwenye boma la miiba linalohamishwa. Mfugaji hupata mabua ya kulishia, na mkulima hupata samadi iliyokwisha sambazwa bila debe hata moja kubebwa kichwani.

LUNDO LA MBOLEA VUNDE

Kila asubuhi twafagia ua, twakusanya majani, na twayatia moto. Majivu hubaki na faida kidogo, lakini ile nguvu inayoyafanya majani ya mchicha kuwa ya kijani huondoka na moshi. Afadhali takataka hizo tuziozeshe. Wakati wa mvua tengeneza lundo juu ya ardhi. Wakati wa kiangazi chimba shimo la kina cha nusu meta ili unyevu usipotee. Fanya hivi:

1. Chagua mahali penye kivuli, karibu na bustani na maji. Upana uwe meta 1 na nusu, urefu upendavyo.

2. Chini weka vijiti na mabua magumu, ili hewa ipite.

3. Weka tabaka la nyasi au majani makavu, kiasi cha shibiri moja.

4. Juu yake weka majani mabichi: magugu yasiyo na mbegu, majani ya kunde, maganda ya ndizi na ya viazi.

5. Weka samadi, unene wa vidole vinne, kisha nyunyiza udongo kidogo na majivu kiganja kimoja au viwili.

6. Mwagia maji mpaka lundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Rudia tabaka hizo mpaka lundo lifike kifuani, kisha lifunike kwa nyasi.

7. Choma fimbo ndefu katikati. Baada ya siku tano ichomoe na uishike. Ikiwa ina joto na unyevu, kazi yaendelea vema. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji na samadi. Joto hilo likiwa kali huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa.

8. Baada ya wiki tatu pindua lundo lote, cha nje kiwe ndani. Pindua tena baada ya wiki tatu nyingine. Katika miezi mitatu hivi mbolea huwa tayari.

Mchwa wa kwetu hupenda sana nyasi kavu, basi usiache lundo likauke. Kichuguu chenyewe, hata hivyo, chaweza kutusaidia. Udongo wake una mfinyanzi mwingi kuliko mchanga wa shamba. Uponde, uuchanganye kidogo na mbolea, nao utasaidia tuta kushika maji.

KATIKA BUSTANI

Siku chache kabla ya kupanda, mwaga madebe matatu au manne ya mbolea iliyoiva juu ya tuta la meta 10, uichanganye na udongo wa juu, kina cha jembe moja. Usiifukie chini sana, maana mizizi ya mboga iko juu. Panda mchicha katika mistari, funika mbegu kwa udongo mwembamba, mwagilia asubuhi na jioni. Katika wiki tatu au nne waweza kuanza kuchuma. Ukichuma ncha tu, shina litachipua tena na tena, mradi lina chakula.

Ili kuipa nguvu mboga iliyokwisha chumwa, tengeneza mbolea ya maji. Tia samadi katika gunia dogo, ulifunge, ulitumbukize katika pipa la maji. Koroga kila siku kwa wiki mbili. Kisha ongeza maji mpaka rangi iwe kama chai nyepesi, umwagie kwenye shina, usimwagie majani.

MAREJEA

Mahali pasipo na samadi ya kutosha, panda mbolea yenyewe. Kule kusini, Padre Gerold Rupper wa watawa Wabenedikto wa Peramiho alihimiza sana mmea wa marejea, hasa miaka ya 1980. Aliandika habari zake na kusambaza mbegu. Jina lake lasema kazi yake: hurejesha rutuba. Mizizi yake ina vinundu ambamo viumbe vidogo sana huchukua nguvu iliyomo hewani na kuitia katika mmea. Hupandwa mwanzo wa mvua, na ukianza kutoa maua hukatwa na kufukiwa. Pia hupunguza minyoo ya udongoni inayotia vinundu vya ugonjwa katika mizizi ya nyanya na tumbaku. Mbegu zake si chakula, basi ziwekwe mbali na watoto na mifugo.

Hapa kwetu Tumbi, nje ya mji wa Tabora, wataalamu wa kilimo pamoja na kituo cha ICRAF cha Nairobi walijaribu miti inayolisha udongo, kama gliricidia. Majani yake yakikatwa na kufukiwa, shamba hupata chakula.

YA KUANGALIA

Samadi mbichi usiitie karibu na miche. Huichoma, tena huleta magugu na minyoo ya tumbo. Mboga zinazoliwa mbichi zipate samadi iliyooza kabisa, nazo zioshwe kwa maji safi. Mavi ya watu yasitiwe bustanini. Katika lundo usitie plastiki, betri wala nyama. Mabua ya tumbaku nayo yasiingie katika mbolea ya nyanya, pilipili au mnavu, kwa maana mimea hiyo ni jamaa moja na ugonjwa wa tumbaku huweza kuambukiza.

Je, mbolea ya chumvichumvi ya dukani ni mbaya? La. Ina nguvu na huenda upesi. Lakini mwaka 2022 bei yake ilipanda duniani kote mpaka Serikali ikaweka ruzuku, nasi tulijionea hatari ya kutegemea gunia la dukani peke yake. Tena katika mchanga usio na mboji mvua huiosha kabla mmea haujashiba. Mwenye uwezo wa kuinunua atapata faida zaidi akiwa amekwisha utia udongo wake samadi.

SAMADI NI YA NANI?

Limebaki neno la nyumbani, na pengine ndilo gumu kuliko yote. Katika nyumba nyingi ng'ombe ni wa baba, na bustani ya mboga ni ya mama. Utasikia:

"Baba, naomba madebe manne ya samadi kwa mchicha wangu."

"Mama, samadi yote ni ya mahindi na tumbaku. Mboga huota yenyewe."

Nayo huota yenyewe, na ya manjano kama tulivyoona. Kisha baba hukaa mezani akanung'unika kwamba mboga ni kidogo, na mama hufungua kitambaa atoe fedha ya kununua fungu sokoni. Madebe manne kwa tuta moja! Matuta matano ni madebe ishirini. Katika zizi la ng'ombe watatu hayo ni sehemu ndogo sana, na shamba la mahindi halitaona upungufu.

Baba wa nyumba, yafaa usingojee kuombwa. Kabla ya samadi kwenda shambani, toa kwanza fungu la bustani, ulipeleke mwenyewe kwa toroli au kwa baiskeli, maana mama ana kuni na maji ya kubeba. Vijana wachimbe shimo la mbolea. Watoto wapewe kazi ya kupeleka takataka za jikoni lunduni badala ya kuziwasha moto. Na mboga zikizidi wakati wa mvua, mama atachemsha majani ya kunde na kuyaanika yawe nsansa ya kula kiangazi, wakati bustani za wengine zimekauka.

Kiangazi ndio wakati wa kukusanya, maana mbolea ya Novemba hutengenezwa mwezi wa Julai na Agosti. Akiba haiozi, wasema wahenga. Lakini hii ni akiba ambayo huanza kufaa ikiisha oza. Aanze kila mtu na shimo moja na tuta moja mwaka huu, na mwakani aufumbate tena udongo wake mkononi aone kama haushikamani.